Pikipiki na Tela, Pamoja na Vifaa Vyake

Siku ile mjinga alikuwa Hatibu, na hakuna haja ya kumtafuta mwingine. Mwenyewe hukiri, tena kwa kicheko, maana dunia imeshamfundisha kwamba mtu akijicheka wa kwanza, wenzake huambulia makombo.

Alikuwa upande wa Kenya, mbali kidogo na mpaka, amekalia ndoo iliyopinduliwa uani kwa bwana Lemburis, mwenyekiti wa kamati ya zahanati ya kijiji. Chai ya maziwa ililetwa, akainywa. Kisha akaanza kuikagua pikipiki. Alizungusha tairi, akanusa oili, akapiga kiki na kuutegea sikio muungurumo huku amefumba macho, kwa sababu aliwahi kumwona fundi mmoja wa Levolosi akifanya hivyo na watu wakanyamaza. Injini ilikuwa nzima. Nyuma yake lilifungwa tela lenye paa la turubai. Ndani ya tela mlikuwa na godoro la plastiki, mikanda miwili mipana, na chuma kirefu kilichosimama wima chenye kulabu juu.

"Godoro la nini?" aliuliza Hatibu.

"Kuzuia kinachobebwa kisiumie," alijibu Lemburis, na hapo hakusema uongo.

Hatibu alikuwa mchuuzi wa ndizi. Alizitoa kwenye miteremko ya Meru akaziuza Kaloleni, mjini Arusha, jirani na uwanja wa mpira, na kwa kuwa alisafirisha kwa pikipiki za kukodi, nusu ya mzigo ulifika umechubuka na kumezwa na mbuzi wa jirani. Kwa hiyo alipoliona godoro, aliona rehema. Mikanda aliona ni ya kufungia mikungu. Kile chuma chenye kulabu ndicho alichokisifia zaidi, maana pale mizani ingetundikwa bila kushikwa na mtu.

"Aliyetengeneza hiki alikuwa mfanyabiashara," alisema.

"Alikuwa mtu wa huruma," alisema Lemburis, akamwongezea chai.

Ubavuni tela lilikuwa la kijani, rangi aliyoiagiza Hatibu mwenyewe kwa simu walipopatana bei, ili lifanane na ndizi. Ilikuwa bado inanata. Aliegemea akaondoka nayo gotini. Chini ya kijani hicho ulichungulia mkono mmoja wa msalaba mwekundu, na Hatibu, muumini wa msikiti, alifurahi. Alijiambia kuwa mwenye chombo ni mtu wa dini, na mtu wa dini hawezi kuendesha bila oili.

Pikipiki na tela vililipiwa na cherehani ya Nusura, mkewe. Ilikuwa cherehani ya umeme ya kudarizi, na ndiyo iliyokuwa ikiwalisha ndizi zilipogoma. Nusura aliifuta vumbi mwenyewe kabla ya mnunuzi kuibeba. "Nenda, Baba Kauthar," alimwambia mumewe. "Lakini usiporudi na chombo cha kutulisha, nitatafuta sindano ya mkono nikushone wewe."

Mpakani afisa wa forodha alizunguka pikipiki, akalinganisha namba za injini na karatasi, akafunua turubai.

"Na huyu mama?"

Hatibu akageuka. Juu ya godoro alilala mwanamke kijana, shuka jekundu limemfika kifuani, tumbo limejaa. Mikono yake ilishika kingo za tela huku na huku. Alikuwa akipumua kwa mdomo, polepole, kama mtu anayepoza uji.

"Shikamoo," mwanamke alimwamkia afisa.

"Marahaba. Hati ya kusafiria unayo?"

"Nimekufa," alisema. "Tangu juzi."

Afisa alifikiri. Maiti ingetaka jeneza na kibali cha afya, lakini maiti haiamkii watu. Abiria angetaka hati, lakini abiria hafi kabla ya safari. Nyuma malori yalikuwa yanapiga honi. Mwishowe akaandika kwamba kilichoingia nchini ni pikipiki iliyotumika na tela, pamoja na vifaa vyake, akagonga muhuri.

"Mfunge mkanda," alimwambia Hatibu. "Huko mbele kuna matuta."

Hatibu akamfunga. Mikanda ilimtosha kabisa.

Walipopita Longido mwanamke alijitambulisha kuwa anaitwa Naipanoi, akauliza wanakwenda hospitali gani. Hatibu alimweleza, kwa adabu, kwamba wanakwenda Kaloleni, kwenye ndizi.

"Sawa," alisema Naipanoi. "Pitia hospitali kwanza."

Kisha uchungu ukampanda, akauma pindo la shuka. Ulipopoa alisimulia bila kupandisha sauti. Uchungu wa kwanza ulipomshika, mume wake alikimbia zahanati kuita lile tela. Alilikuta linapakwa rangi. Aliambiwa limeshapata mteja wa Tanzania, na kwamba mteja anataka kijani, hivyo lisiguswe mpaka likauke. Mume akarudi, akampakia mkewe juu ya punda. Walifika korongoni. Hapo ndipo alipofia, na alipofungua macho alijikuta juu ya godoro, akashukuru kwamba gari limekuja.

Hatibu alitazama goti lake. Ile kijani ilikuwa bado imeganda pale. Hata kipaji chake cha utani, ambacho hakikumwacha hata siku alipotapeliwa shamba, kilishukia njiani.

Walipofika Kaloleni, Nusura alifunua turubai, akatazama, akalifunika tena.

"Hii ndiyo cherehani yangu?"

"Mama Kauthar, nisikilize..."

"Nimeshasikia, anapumua hapa." Akafunua tena. "Dada, hujambo? Umetia kitu mdomoni?"

"Sijala tangu uchungu uanze."

Nusura akaenda kukoroga uji. Majirani walikuja na khanga, wakamfunika miguu. Mmoja aliuliza kama tela litakuwa na nafasi Jumamosi, maana ana viti vya harusi vya kupeleka Olasiti. Akaambiwa lina mtu, akaondoka bila kinyongo.

Hospitalini mlinzi alifungua geti mara moja. Muuguzi mkunga, dada Anna, alitoka na machela, na kwa pamoja walimnyanyua Naipanoi wakamlaza. Waliposukuma machela hadi mlangoni ilikuwa tupu. Naipanoi alikuwa kwenye tela, amefungwa mkanda. Walirudia. Wakajaribu kumbeba mikononi. Kila walipofika mlangoni walikuwa wameshika shuka tu, na shuka nalo likawaponyoka.

Anna akachukua pembe ya mbao ya kusikilizia mtoto, akapanda ndani ya tela, akainama juu ya tumbo. Alikaa hivyo kitambo.

"Mtoto anapiga moyo," alisema. "Anapiga vizuri. Njia imefunguka, mama ana nguvu. Ningempokea sasa hivi." Akashuka. "Lakini huyu hajafika, kaka. Amepakiwa tu. Mimi nampokea anayefika."

"Afike vipi zaidi ya hapa?"

"Gari la wagonjwa linaanzia zahanati yao. Hili, kama unavyosema, lilianzia kwenye mauzo." Akakishika kile chuma chenye kulabu, akakitikisa kuona kama kimekaza. "Na hapa tunatundika dripu. Wewe ulidhani nini?"

Kuna ujinga ambao mtu hukiri, na kuna ule ambao humeza na mate.

Kesho yake aliamua kufanya kazi hivyo hivyo. Ndani hamkuwa na mkaa wala unga, na Nusura alikuwa amekaa barazani akiwashonea majirani vifungo kwa sindano ya mkono. Hatibu alipanda mlimani, kijiji cha Akheri, kwa Sadoki, mkulima aliyemuuzia ndizi miaka yote. Naipanoi alijivuta pembeni, akasema mikungu midogo inaweza kukaa miguuni kwake, hana shida. Sadoki alileta mkungu begani, akachungulia, akarudisha mkungu migombani.

"Hatibu bwana, una wazimu?"

"Ameruhusu mwenyewe. Muulize."

"Hata akiruhusu. Mama yangu alituzuia hata kupitisha kuni mbele ya nyumba yenye mwanamke mwenye uchungu. Mzigo ulisubiri nje, hata kama ni mvua. Wewe unataka nimlundikie ndizi juu ya miguu?" Akamgeukia Naipanoi, akavua kofia. "Pole, mama. Mungu akufungue salama." Akampa ndizi mbivu mbili, akakataa kuuza hata moja.

Habari ikapanda mlima haraka kuliko pikipiki. Kwa kila mkulima aliyefuata Hatibu alikuta kofia imeshavuliwa.

Alirudi chini na tela lisilo na ndizi, na kila mteremko Naipanoi aliuma shuka, na Hatibu akapunguza mwendo kama anabeba mayai. Alipata wazo la kulifungua tela, kulitelekeza porini, na kubaki na pikipiki. Alisimama kando ya barabara akashika pini ya kiungio. Kutoka ndani akasikia pumzi ile, polepole, ya kupoza uji. Akaiachia pini. Alikaa juu ya jiwe akalia kidogo, kisha akajifuta kwa mkono wenye grisi, na ndivyo alivyoingia mjini, amepakwa kama gari bovu.

Ijumaa asubuhi telani walikuwa wawili. Mzee mmoja mwembamba alikuwa amekaa pembeni mwa miguu ya Naipanoi, fimbo katikati ya magoti, kifua kikilia kama filimbi.

"Shikamoo, mzee," alisema Hatibu.

"Marahaba, baba. Naitwa Lesian. Mimi ni pumu." Akakohoa. "Niliita gari jana. Nimeambiwa liko Arusha, nikaona nilifuate."

Nusura alileta uji wa pili. Kisha akamvuta mumewe nyuma ya nyumba. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Hatibu.

"Baba Kauthar, unga wa huu uji nimekopa. Kesho watakuwa watatu. Lirudishe lilikotoka, wakurudishie chetu, huyu binti akajifungue. Mimi kila akiugulia, tumbo langu linakaza."

Mpakani walipita kama walivyokuja, vifaa vikiwa vimeongezeka.

Uani kwa Lemburis palikuwa na viti vya plastiki, vyeupe, vipya, vimepangwa kwa mistari chini ya hema. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa akivifuta kwa kitambaa. Alimwona Hatibu, akachungulia telani.

"Takwenya, Naipanoi," aliamkia kwa Kimaasai.

"Iko," aliitikia Naipanoi.

"Mzee Lesian, habari ya kifua?"

"Ni hiki hiki."

Lemburis akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, akamkaribisha Hatibu kiti. Hatibu alibaki amesimama.

"Mwenyekiti, chukua chombo chako. Nirudishie changu nikakomboe cherehani ya mke wangu. Hawa ni wagonjwa wako. Waondokee hapa, wafike, washuke."

"Nikurudishie nini, rafiki yangu? Chako kimegeuka viti hivi." Lemburis akapiga kiti kofi. "Kamati ilikaa. Tulikuwa tunapokea wageni wa maendeleo wakiwa wamesimama juani, aibu tupu. Tela kutwa limelala. Tairi, mafuta, dereva, nani analipa? Tukakubaliana wote, mikono juu. Ukitaka viti, beba."

"Nifanye nini na viti?"

"Basi tusisumbuane. Mimi nilikuuzia tela, na tela unalo. Sikukuuzia watu."

"Ungeniambia ni gari la wagonjwa!"

"Hukuuliza. Uliuliza rangi."

Wakati huo msichana mmoja alikuwa anaingia kutoka barabarani akichechemea, mguu umevimba mpaka gotini, alama mbili za meno ya nyoka kwenye kifundo. Aliwaamkia wote, akapanda telani, akaomba nafasi. Mzee Lesian akamsogelea Naipanoi kidogo ili akae. Lemburis aliutazama ule mguu, akavuta kiti kingine akaanza kukifuta.

"Angalau niliache hapa," alisema Hatibu, na sauti yake sasa ilikuwa ya mwombaji. "Bure. Nitajua nitakavyomweleza mke wangu. Liache lianzie hapa, leo tu, limfikishe huyu mama. Saini kwamba limepokelewa."

"Siwezi kupokea kilichouzwa. Kamati haijakaa." Mwenyekiti akakunja kitambaa chake vizuri, mara mbili. Kisha akasogea mpaka kwenye tela, akaweka mkono juu ya turubai, akaongea kwa upole kama mtu aliyekuja kutoa pole msibani. "Na wewe, binti yangu, usiwatese watu. Tulikuzika vizuri, tukakuombea. Tela lingekuwepo au lisingekuwepo, siku yako ilikuwa imefika. Mungu alishakuchukua."

Naipanoi alingoja uchungu upoe. Alitoa pindo la shuka mdomoni, akajipangusa.

"Hajanichukua, Mwenyekiti," alisema. "Hata kwake kunahitaji usafiri, na usafiri umeuuza."