Nilivyoshindana Kula na Marehemu

Siku hiyo nilitoka kliniki nimevimba kwa hasira. Kidonda cha unyayo kilikuwa kimeingia mwezi wa tatu, sukari haishuki, na Nesi Tumsifu aliniambia waziwazi kwamba nisipobadili ulaji, mguu utakatwa chini ya goti. Halafu akanitaka nijiunge na wagonjwa wenzangu kwenye mazoezi ya yoga, eti yatanifundisha kula. "Nesi, mimi fundi wa kuchomelea vyuma," nikamjibu. "Nikunjwe miguu kama kuku anayepelekwa sokoni, ndiyo nishibe?" Akasema, "Baba, kuku hana hiari. Wewe unayo." Nikaondoka bila kuaga. Nyumbani nikala ugali mkubwa kwa ukaidi tu, nikajitupa kwenye kochi mchana kweupe, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi isiyo na mti wala nyumba. Ardhi yote ilikuwa sinia moja la bati, pana kama uwanja wa mpira, limejaa wali unaofuka moshi, na watu wamelizunguka wamechuchumaa, mikono ikienda na kurudi bila kupumzika. Mwenyeji alikuwa Pupa, mashavu yaking'aa mafuta, naye alinikumbatia kama ndugu. "Kaka, unaangalia nini? Wenzio hawaangalii!" Nyuma yake alisimama mkewe, Aibu, na birika la kunawia mikono, analia, lakini anamimina. Nikachuchumaa, nikala bila kutafuna, na kila tonge lilidondoka ndani yangu kama jiwe katika kisima kikavu. Kisha vidole vikagusa kitu kigumu chini ya wali. Nikakivuta. Ulikuwa mguu, wenye makovu ya cheche na kidonda unyayoni, umegugunwa mpaka gotini, na alama za meno zilikuwa na pengo palepale penye pengo langu.

Nikapiga kelele. Hakuna aliyegeuka ila mwanamke mwembamba aliyeketi mkekani pembeni, jina lake Pumzi. "Keti," akasema.

"Nina njaa!"

"Iko wapi? Nionyeshe."

Nikashika tumbo.

"Hapo pamejaa. Kunja miguu, nyoosha mgongo, uitafute. Taratibu. Mtafutaji mwenye haraka hukikanyaga alichopoteza."

Magoti yaliuma, mgongo ukatetemeka. Nikavuta hewa, nikaitoa, nikamtukana, nikavuta tena, mpaka nikashuka na pumzi yangu ndani kama mtu anayeshuka ngazi. Tumboni sikukuta njaa. Kifuani ndiko nilikokuta kiumbe kimekonda, kimechuchumaa, vidole vimelowa mchuzi. Alikuwa Woga. "Fanya haraka," akaninong'oneza, "kaka zako wanamaliza." Kwetu tulizaliwa wanaume sita, tukalishwa sinia moja, na baba alicheka akisema anayetafuna anachelewa, na anayechelewa atalala njaa. "Kaka zangu wamekufa," nikamwambia Woga. "Wote watano. Watatu kwa sukari hii hii." Akanitazama kama aliyeletewa habari ya msiba.

"Basi wewe unashindana na nani?" akauliza Pumzi. Nikaamka jasho likinitiririka.

Hapo ndipo nilipomwelewa nesi. Alitaka nikae kimya kiasi cha kumsikia anayeomba chakula ndani yangu. Miaka hamsini na tatu nimemlisha Woga, nikamwita njaa.

Jioni mke wangu akaleta ugali na mboga. Nikakunja miguu sakafuni, vibaya, nikapumua mara kumi, ndipo nikatia tonge mdomoni na kulitafuna.

"Vipi, kimeungua?" akauliza.

"Mama Zuhura, siku hizi unatia karanga kwenye mchicha?"

Akaniangalia sana. "Siku hizi? Natia tangu uliponioa." Akainuka, akarudi jikoni.

Nilipaswa kumwomba radhi, mdomo ukagoma. Nikaendelea kutafuna peke yangu. Kwenye tonge la saba nikahisi nimeshiba, nikausogeza mkono mbali na sahani. Mguu sijui kama utapona. Nililia kwa hasira, kwa sababu kaka zangu wote watano wako kaburini, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujua kushiba kunafananaje.