Nyota Nyekundu Kando ya Jina la Mume

Fomu ya kuongeza kurasa za wasusi kwenye tovuti ilikuwa kazi ya Wavinya tangu mwanzo. Mfumo wa tovuti ulikuja na visanduku vingi visivyo na maana kwa kikundi cha wasusi wa vikapu vya kiondo pale Kitui, naye akaviondoa kimoja kimoja, akabakisha vitano: jina, kijiji, watoto, jina la mume, picha. Meneja wao, Mulei, alitaka vyote vijazwe, maana wanunuzi wa ng'ambo hupenda kusoma habari za familia. Wavinya akaweka nyota nyekundu kwenye vyote. Bila kukijaza chenye nyota, ukurasa hauhifadhiki. Kile cha mume kilimkwaruza moyoni, lakini hakuwa mtu wa kubishana.

Ijumaa, siku ya mwisho, Kavindu aliwasili kutoka upande wa Mwingi. Kurasa zingefungwa saa sita mchana, na asiye na ukurasa hangeingia katika oda ya mwaka huo. Alijibu vizuri mpaka kisanduku cha nne, cha mume.

"Mume wangu ni Syokau," akasema.

Wavinya akaandika. Mulei, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akamwambia afute, naye akafuta. Syokau ni jina la mwanamke. Si kwamba hakuelewa. Mkamba gani asiyejua iweto, mke anayeolewa na mwanamke asiyejaliwa mtoto ili boma lisife? Lakini wazungu wataelewaje, akauliza. Afadhali waandike mjane.

"Mjane wa nani?" Kavindu akacheka. "Nimemwacha asubuhi akipukuchua mbaazi, na mdomo wake bado mkali kuliko wako."

Basi amtaje mwanamume aliyezaa naye, Mulei akasema. Kicheko kikakatika. Kavindu akamweleza taratibu kwamba watoto ni wa Syokau, aliyemtolea mahari mbele ya watu, na kwamba jina la mwanamume huyo halijawahi kutamkwa katika nyumba ile. Kisha akamgeukia Wavinya. "Wewe acha hapo wazi tu, mwanangu."

Kuiondoa nyota ile kulihitaji kubofya mara moja tu. Wavinya alikuwa ameshaufungua ukurasa wa mipangilio. Mulei akakohoa. Damu ikampanda msichana usoni, kama kila mara mtu mzima alipomkazia macho.

"Fomu haikubali, mwaitu," akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mamake.

Kavindu akaitazama kompyuta. Akamwambia Wavinya asisikitike, amejitahidi, ana moyo mzuri. Mashine ikikataa imekataa. Akamshika bega, akaenda zake.

Mulei alipotoka kunywa chai, Wavinya aliiondoa nyota. Akabofya kuhifadhi. Mfumo haukuuliza tena habari za mume, sasa ulidai picha, na Kavindu alikuwa ameondoka kabla ya kupigwa. Akakimbia na kamera mpaka stendi. Gari la Mwingi lilikuwa limekwisha ondoka.