Asiyenuka

Jumatatu asubuhi mshauri alikuwa akipanga viti vya plastiki kwa ajili ya kikao cha wanaoacha pombe, pale seremala alipoingia na kuketi karibu na dirisha. Wiki iliyopita walikuwa wamemzika. Mshauri mwenyewe alikuwepo, akatupa udongo. Akamuuliza hali, naye akasema ni njema, ila suti waliyomvika inambana kwapani.

Kikao kilianza. Kila mmoja akasema alionja lini mara ya mwisho.

"Mimi tangu nife sijagusa," alisema seremala.

"Hongera," alijibu kinyozi, mikono ikimtetemeka juu ya magoti. "Sisi wengine sijui kama hata kifo kitatuachisha."

Wakampigia makofi.

Seremala akaeleza kuwa aliwahi kuja kituoni hapo akiwa hai. Alikuwa amelewa, ndiyo. Asingelewa angekuja kufanya nini? Mlinzi akamnusa, akamsomea kanuni: anayenuka pombe haingii, aende akalale, arudi akiwa safi. Akaenda kulala mtaroni, mvua ikanyesha.

"Ndiyo nimerudi," alisema, bila kinyongo.

Mshauri hakuwa na habari za siku ile. Akamshika mkono, baridi kama bomba la maji, akampeleka kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi alisimama kwa heshima. "Pole na msiba, fundi."

"Nimeshapoa, bosi."

Mkurugenzi akamsogelea, akamnusa shingoni. Hakunuka kitu, ila udongo kidogo.

"Apewe kitanda," alisema. "Unaona, dada? Kanuni inafanya kazi."

"Kanuni ndiyo iliyomuua, bosi."

"Mbona yuko hapa anatusikiliza?"

Seremala alikubali, kwa adabu, kwamba yupo.

Akalazwa. Akatengeneza madirisha yaliyokuwa hayafungi, na wageni wakitembelea kituo yeye ndiye aliyeonyeshwa kwanza, maana hakuna mgonjwa aliyeshika masharti kama yeye. Mkewe alimletea shati pana. Alisema walau sasa wanazungumza.

Kisha siku moja mwalimu wa shule ya jirani alifika getini akiyumba, viatu mkononi. Mlinzi akamnusa. Mshauri akatoka mbio.

"Kaka, nakuomba, niachie huyu."

"Dada, nikimwachia, kazi sina. Na mimi nina watoto."

Basi mshauri akaketi chini na mwalimu, nje ya geti. Wakazungumza, mwalimu akilia na kucheka, mpaka mshauri alipoitwa ndani kwa kikao. Alipotoka tena, mwalimu hakuwepo. Akamtafuta mtaroni, akamtafuta sokoni na stendi, akiuliza kila mwenye kibanda. Hakuna aliyemwona.

Aliporudi jioni, miguu imevimba, seremala alikuwa amepiga goti mbele ya wodi ya wanawake, akikaza kitasa cha mlango.

"Usihangaike, dada," alisema bila kugeuka. "Atakuja tu. Na akija, hatanuka."

Mshauri aliinama karibu naye. Kisha akanyoosha kiganja, akamshikia skrubu zilizobaki.