Neno Lililotaka Mkono Wangu

Jana usingizi uliponichukua, niliota nimo ukumbini kwa mama mkwe wangu, Bi Rukia, namimina kahawa. Birika likaniuliza, "Mwanatumu, unanishika kwa mkono gani?"

Nikatazama. Wa kushoto! Ukweni, mbele za watu!

Mimi mashoto tangu kuzaliwa. Hina nachora kwa mkono huo, na ndio unaonilisha. Lakini kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumtukana, nani asiyejua? Utotoni bibi yangu alikuwa akinifunga mkono huo kwa kipande cha kanga, nizoee wa kulia.

Bi Rukia hakukasirika. Alisema tu, "Mwenyewe wa kushoto kashafika."

Ukumbi umekuwa darasa. Mlangoni amesimama bwana mrefu aliyevaa koti, mkono mmoja wa koti ukining'inia mtupu.

"Hodi. Mimi ni Goshi, neno la Kiingereza; huniandika gauche."

"Karibu. Maana yako?"

"Mtu mzito wa mikono, asiyejua kukaa na watu. Kila akigusacho huanguka."

Vikombe vyote vikaanguka, kwa heshima.

"Nilizaliwa Ufaransa," akaendelea. "Kule nilikuwa kushoto tu, kama wewe. Wakasema wa kushoto hajui kushika kitu, wakanibandika ubaya. Waingereza wakanichukua hivyo hivyo."

"Pole, bwana. Sasa mimi nifanyeje?"

"Neno lisilo na mwili huchoka. Nipe huo mkono."

Birika likacheka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Naogopa, wallahi naogopa. Asubuhi kuna bibi harusi ananisubiri nimpake hina. Goshi ananivuta, na kiwiko kinalegea kama kifungo kilichobakiwa na uzi mmoja.

Hapo akaingia bibi yangu, marehemu wa miaka mingi, kashika kile kipande cha kanga.

"Bibi, na wewe umo?" nikalia. "Usinifunge tena!"

"Nyamaza, mjukuu wangu." Akanifunga kifundo cha mkono, ncha ya pili akaifunga kiunoni mwake. "Zamani nilikufunga usiutumie. Leo nakufunga usichukuliwe."

Nikaamka kumekucha, jasho chapachapa. Mkono upo! Nikaubusu kama mwendawazimu.

Kisha nikakiona kipande cha kanga kifundoni, na fundo ni lile lile la Bibi. Ncha ya pili imepita chini ya mlango.

"Bibi?" nikanong'ona.

Kikakazwa. Huko nje, kikombe kikaanguka.