Magazeti Kwenye Kioo cha Mlango

Karani alibandika magazeti kwenye kioo cha mlango wa mahakama, akarudi nyuma hatua moja kuhakikisha hapajabaki upenyo. Nilimtazama nikiwa kwenye benchi la ukumbini, damu ikinichemka, maana ulimi ulionitoa mle ndani ulikuwa wangu mwenyewe.

Nusu saa kabla, mwendesha mashtaka alikuwa ameomba watu wote watolewe. Shahidi wake ni askari kanzu, alisema, bado yuko kazini, na sura yake ikijulikana maisha yake yatakuwa hatarini. Sura yake! Mtu tuliyemwita Mpole, aliyekula kwangu miezi saba, akakoroma kwenye kochi langu, nikampunguzia suruali mbili kiunoni bila malipo. Mtaani kwetu hata mbwa walishaacha kumbwekea.

Mwanangu ni fundi simu. Mpole ndiye aliyemletea simu kumi na moja azifungue. Simu zikatokea kuwa za wizi, na Mpole akatokea kuwa polisi. Baada ya miezi mitano mahabusu, mwanangu alikuwa amechoka kiasi cha kutaka kukiri kila kitu ili yaishe. Nilimsihi asubiri angalau shahidi huyu ahojiwe. Akakubali kwa sharti moja: akigeuka kizimbani anione. Nikamwahidi.

Kwa hiyo wakili wetu aliomba mama wa mshtakiwa abaki. Hakimu, mwanamke mwenye sauti laini, aliniuliza kama namfahamu shahidi. Nikaona mlango umefunguka, nikajitosa.

"Namfahamu vizuri, mheshimiwa. Amekula kwangu miezi saba. Sasa mimi mnanificha nini?"

Mwendesha mashtaka aliinuka taratibu, kama mtu aliyeletewa zawadi. "Basi mama huyu ni shahidi wa utetezi, mheshimiwa. Shahidi ambaye zamu yake haijafika hakai humu kuwasikiliza wengine."

Wakili wetu alifumba macho. Kanuni hiyo aliijua, ila ilimpitia. Hakimu aliandika maneno yangu, akaniomba radhi, akaniambia nitoke. Mwanangu alikuwa bado hajapandishwa kutoka mahabusu ya chini.

Nikakaa saa nzima nikisikia viti vikikwaruza sakafu. Mara sauti ya mwanangu ikapanda, sentensi moja tu, kisha kimya. Niliruka hadi mlangoni. Askari wa zamu akaniambia kwa upole, "Kaa tu, mama," na upole ule ukanikera kuliko kama angenisukuma.

Wakili alipotoka, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Akakaa karibu yangu, akanieleza kwamba Mpole amekiri jambo kubwa: mimi ndiye niliyemwomba amtafutie mwanangu kazi, na yeye ndiye aliyezileta zile simu. Ni kweli nilimwomba. Nilimwambia kijana ana mikono ila hana wateja.

"Si inatusaidia hiyo?" nikauliza.

"Ingetusaidia sana, inaonyesha polisi ndiye aliyemtega. Lakini kijana alikuwa anageuka kila dakika kutazama viti vitupu. Aliuliza uko wapi, akaambiwa anyamaze. Jina lako lilipotajwa akadhani wamekukamata na wewe."

"Akasema nini?"

Wakili alijifuta shingo. "Alisimama akasema mama yake hamjui mtu huyu, hajawahi kumwona hata siku moja. Hakimu ameandika."

"Na mimi nimeshasema namjua."

"Nalo ameliandika. Kesho utaapishwa, mama. Itabidi useme."

Niligeuka nikautazama ule mlango wenye magazeti. Niseme ukweli, mwanangu awe mwongo mbele ya hakimu. Au nimfuate yeye, niyameze maneno pekee yanayoweza kumwokoa. Hasira zangu zote, kwa karani, kwa hakimu, kwa wakili, zilinirudia mimi mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa. Walimtoa akiwa na pingu, kati ya askari wawili, kichwa kimeinama. Aliponiona kwenye benchi, mikono yangu bila pingu, hakuna aliyenishika, uso wake ukang'aa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi mitano.

"Usiogope, mama," akasema akipita. "Nimeshakutoa kwenye hii kesi. Hawakugusi tena."

Akateremka ngazi kwa hatua nyepesi. Mimi nikatikisa kichwa kukubali, maana askari walikuwa wakitutazama, na yeye alikuwa ameanza kutabasamu.