Miiba ya Umeme

Mwale wa zambarau ulitoka kwenye ncha ya bomba, mrefu kama kidole, ukagusa kidonda cha Mama Suzana bila kuunguza hata unywele. Hata hivyo mama akashika ukingo wa kitanda.

"Inauma, mwanangu. Kama siafu."

Justa Luhaga akatazama mita yake. Sindano ilikuwa imetulia karibu na sifuri. "Ni woga tu, mama. Umeme unaokufikia ni kiduchu."

Aliyasema kwa uhakika wa mtu aliyepima umeme miaka kumi na minne katika kiwanda cha nguo, hadi kiwanda kilipobinafsishwa na mafundi wakapunguzwa. Daktari Shigela ndiye aliyemtoa katika ukiwa huo. Alikuwa amefungua zahanati yake mtaa wa Mirongo na kuagiza nje mashine iliyokwisha kutumika, inayopitisha umeme mkali ndani ya gesi hadi gesi ing'ae bila joto. Plazma, daktari aliiita. Kazi ya Justa ilikuwa kupima umeme wa mwale ule na kuthibitisha kwamba hauna madhara. Aliupima juu ya bamba kavu la chuma, akaandika kipimo, akatia sahihi.

Lakini siafu wale walimfuata hadi nyumbani. Siafu huuma mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Nayo sindano ya mita ni nzito. Huonyesha wastani, haiwezi kukimbizana na kinachopita kufumba na kufumbua. Hilo alilijua tangu chuoni. Laiti asingelijua, angejisamehe upesi.

Jumamosi akaenda Nyegezi kwa Masele, mwalimu wa fizikia aliyesoma naye, akaazima chombo chenye kioo kinachochora umeme jinsi unavyopita. Zahanati ilipokuwa tupu, akalowesha mkono kwa maji ya chumvi, maana kidonda nacho ni chepechepe, akauweka chini ya mwale. Sindano ikatulia vilevile. Kwenye kioo ikaota miiba, mirefu na myembamba, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mara mia ya kile alichoandika. Mkono ukaruka kabla hajauamuru.

"Wakaguzi wanakuja Jumatano," daktari alisema Jumatatu, baada ya kumsikiliza. "Na vidonda vinapona, Justa. Umeviona."

"Nimeviona."

"Sasa niwaambie nini? Kwamba fundi wangu alikosea?"

Hakuwa akimtisha. Alionekana amechoka kuliko Justa mwenyewe, na hilo likamkosesha Justa pa kuielekeza hasira yake.

"Waambie hivyo, Daktari. Nitaandika upya."

"Ukiandika upya, mashine inafungwa. Hatuna nyingine."

Justa akaandika. Daktari akaipokea karatasi, akaiweka chini ya daftari bila kuisoma.

Kesho yake Mama Suzana akafika, akiwa amewahi kivuko cha kwanza kutoka Busisi. Akaikuta mashine imefunikwa shuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo hamuwashi?"

Justa akamweleza yote: bamba la chuma, mkono uliolowa, miiba ya kwenye kioo. Akamwambia pia kwamba mama mwenyewe alisema inauma, naye hakumsikia.

"Kwa hiyo siafu walikuwepo," mama alisema.

"Walikuwepo, mama. Nisamehe."

Mama aliinua mguu juu ya kigoda, akaifungua bendeji taratibu, mzunguko kwa mzunguko. Kidonda kilichokuwa kimekataa dawa kwa miaka miwili kilikuwa kimesinyaa, kingo zake zikiwa na wekundu wa ngozi mpya.

"Na hiki," aliuliza, "nani atakimalizia?"

Nje, wagonjwa wengine walikuwa wameanza kukaa kwenye benchi. Justa akavuta beseni, akayapima maji kwa kiwiko, akapiga magoti na kuanza kuosha pole pole, mara kwa mara akiinua macho kuutazama uso wa mama.