Injinia na Diski ya Mama Mkwe

Ukweni walimwita Injinia, jina alilobandikwa na mashemeji siku aliyotengeneza redio ambayo kumbe ilikuwa imechomoka waya tu. Hakuwa injinia. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu zake na kuzifufua. Safari hii aliharibu isiyo yake.

Ilikuwa ya mama mkwe, mkunga mstaafu, aliyekuwa akiandika kitabu cha kuwafunza wakunga wapya. Kurasa mia mbili na kumi, na mchapishaji alikuwa akizisubiri saa sita mchana. Saa tatu Injinia alipita kusalimia tu, akaona onyo kwamba nafasi ya mafaili inakaribia kujaa.

"Dakika tano, mama, nikupanulie."

Mama mkwe hakuwa ameomba kitu. Akaenda kubandika chai.

Mashine ilitumia mfumo wa Linux, na diski yake iligawanywa sehemu tatu zilizofuatana: ya mfumo, ya akiba ya kumbukumbu, na ya mafaili. Injinia alifuta ile ya katikati, maana mashine ingeweza kufanya kazi bila hiyo. Kisha, ili ya mafaili ipate nafasi hiyo, akaifuta nayo kwenye jedwali la diski, orodha inayoiambia mashine kila sehemu inaanzia wapi, na kuiandika upya, ianzie pale ilipoanzia ya katikati. Akawasha upya.

Kioo kikaganda. Dakika moja na nusu mashine ilisubiri sehemu ambazo haikuziona, halafu ikakata tamaa na kumwachia maandishi meupe kwenye weusi: hali ya dharura.

"Vipi huko?" mama mkwe aliuliza kutoka jikoni.

"Inajisasisha tu, mama."

Akazima, akawasha. Dakika moja na nusu tena. Akaiwasha kwa flashi yenye mfumo wake, aliyotembea nayo mfukoni, akajaribu kufungua mafaili. Mashine ikajibu kwamba sehemu ile haina chochote inachokitambua. Akajaribu amri ya kukarabati, ikakataa. Akajaribu nyingine, ikamwuliza kama angependa kuisafisha sehemu yote na kuanza upya. Kidole kilikuwa tayari juu ya kibodi. Akakiondoa kama aliyegusa pasi ya moto.

Angekuwa kwake, angetukana mpaka majirani wachungulie. Ukweni mtu hutukania wapi? Akameza, akauma meno, akapiga goti lake ngumi chini ya meza.

"Huko kujisasisha kuna ngumi?"

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake, kikombe mkononi.

Injinia akainamisha kichwa. "Nimeharibu, mama. Mafaili siyaoni. Nisamehe."

Mama akaweka kikombe mezani. Nakala ya mwisho alikuwa nayo binti yake, ya miezi mitatu iliyopita, kabla ya sura nne za mwisho.

"Wodini," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa na huruma, "niliyemwogopa ni muuguzi wa kuniambia kila kitu ni shwari. Chukua karatasi. Andika ulichofanya, kimoja baada ya kingine. Usiguse hiyo mashine mpaka umalize."

Akaandika, amekasirika kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Alipofika mstari wa nne kalamu ikasimama. Mafaili yenyewe hakuyagusa! Yalikuwa palepale, jedwali tu ndilo lililosema yanaanzia mahali yasipoanzia. Na pa kweli pangeweza kupatikana: ni pale ilipoishia ile ya katikati, ambayo aliikumbuka ilikuwa gigabaiti nane kamili.

Akazidisha, akajumlisha, akapata namba ya tarakimu nane. Akaiandika kwenye jedwali. Mashine ikakataa. Akarudia hesabu, akaona tarakimu mbili amezigeuza, mwalimu mzima! Safari ya pili mashine ikaitambua sehemu, na majina ya sura yakajipanga, kumi na nne zote. Akafuta na ule mstari uliouambia mfumo uitafute sehemu ya katikati, maana haikuwepo tena. Akawasha bila flashi.

Ikawaka. Saa tano na dakika arobaini.

"Sogea," alisema mama mkwe, akavuta kiti. Hakushukuru, hakulaumu. Akafungua sura ya kwanza, ya sita, ya mwisho, akazikagua, kisha akamtumia mchapishaji. Injinia alisimama ukutani, shati limemganda mgongoni, kichwa kikimgonga.

"Mama, ile nafasi bado ndogo. Nikija wiki ijayo naweza—"

"Wiki ijayo njoo na wajukuu," mama mkwe alimkata. "Mikono uiache kwako."

Njiani mkewe alipiga simu kuuliza hali ya mama.

"Mzima," alisema Injinia, akauliza habari za watoto.